Gari Haliongezewi Pindo

2 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mwenye jambo ni gari.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga inapokelewa, nasikia “halo, halo, halo,” kisha kimya, umekata. Mama naye umemkatia mara nne. Mara ya nne aliifungia simu yake kwenye kabati la vyombo akasema haigusi tena kwa ajili ya mtu asiyemtaka. Unamjua dada yako, akisusa kasusa.

Sasa nisome vizuri, maana sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Macho ya Mama yanakwisha. Ni presha ya macho. Anaona katikati tu, pembeni kote giza, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kifungo. Daktari amesema hilo tundu nalo litaziba, miezi mitatu, ikizidi minne. Tulipotoka pale hakulia. Alikaa kwenye benchi la nje akasema, “Nyuso zenu zote nazijua, nazitazama kila siku. Mmoja tu sijamwona miaka tisa.”

Nataka kumleta kwako, hata kama kwa sasa anaapa kwamba haji. Basi hapandi, anatapika kabla halijatoka stendi. Gari letu hili la kubebea sare za shule analikubali, kwa sababu kiti cha mbele kimechakaa mpaka kimekuwa kochi. Lakini gari haliwezi mlima, na kwako ni mlima mtupu. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likiona mwinuko linakata tamaa, linatoa moshi mweusi, nabaki na gia ya kwanza huku waendesha baiskeli wakinipungia mkono. Fundi wa hapa alifungua boneti, akafunga, akasema turbo imekufa, ing’olewe yote iwekwe mpya. Turbo mpya siiwezi, kwa hiyo nimeamua kulitengeneza mwenyewe. Usicheke. Mtu anayeweza kufungua cherehani kuukuu na kuirudisha bila kubakiwa na skrubu mkononi hashindwi na gari.

Wewe ndiye fundi wa dizeli pekee ninayemwamini. Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Sindano


11 Machi

Sindano,

Marahaba. Ulisema nisicheke. Nimecheka mpaka bata wangu wakakimbia.

Simu yangu iliangukia kwenye ndoo ya oili chafu, ndiyo maana. Mwambie dada yangu hivyo, na mwambie namsalimu sana. Hilo la macho nimelisoma mara mbili, kisha nikatoka nje nikaizunguka nyumba. Tutengeneze gari.

Huyo fundi wenu ni mvivu wa kuinama. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inasukuma hewa kwenye injini. Hewa ikiwa haba, gari halina pumzi ya kupanda. Lakini kabla hujaizika turbo, mtazame anayeiamrisha. Ubavuni mwake kuna kikopo cha bati, kinajaa kiganjani. Juu kina bomba jembamba la mpira, chini kina kifimbo cha chuma kilichoshika mkono wa turbo. Ndani yake kuna utando wa mpira. Injini ikiwaka inanyonya hewa ya kikopo, utando unapanda, kifimbo kinavutwa, na turbo inaanza kazi. Utando ukichanika, kifimbo kinalala usingizi na gari lako linapungiwa mkono na baiskeli.

Fanya hivi. Gari likiwa baridi, mtu aliwashe, wewe kitazame kifimbo. Kikiruka, kikopo ni kizima. Kisipotikisika, zima gari, chomoa lile bomba, chomeka jingine safi, ulinyonye kwa mdomo kisha uzibe kwa ulimi. Ulimi ukinaswa, utando uko sawa. Hewa ikija tu kama unakunywa kwa mrija uliotoboka, basi umechanika.

Na uniandikie linaliaje. Andika mlio kama ulivyo, fyuuu au pshshsh au ngrrr, usione haya. Usipige simu. Andika.

Mjomba


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kifimbo hakikutikisika hata unywele. Nikachomoa, nikachomeka, nikalala juu ya injini, nikaanza kunyonya. Hapo ndipo Mama alipotoka na beseni la nguo. Kwa lile tundu lake la kuonea aliona miguu yangu inaning’inia na mdomo wangu uko kwenye gari. Akasimama. Akasema, “Mwanangu, chakula kipo ndani.” Nilicheka nikapaliwa na vumbi la miaka ishirini na mbili.

Hewa ilikuja tu. Mrija uliotoboka kabisa. Utando umechanika!

Mlio: likiwa tambarare ni ngrrrr ya kawaida. Mlimani ni ngrrr-hooo, ngrrr-hooo, kama mzee anayepanda ngazi na mzigo.

Nilimfikishia Mama salamu zako na habari ya oili. Akaniuliza, “Simu iliyoanguka kwenye oili inapokelewaje?” Mjomba, njia ya mwongo fupi, na dada yako amefika mwisho wake. Anasema haendi kwa mtu anayemkatia simu halafu anasingizia ndoo. Hata hivyo jana nilimkuta anapiga pasi lile gauni lake la kijani, akasema ni kufukuza nondo wasilitoboe.

Nitapata wapi kikopo? Na kwa nini hutaki simu?

Sindano


25 Machi

Sindano,

Kikopo hiki anakuletea dereva wa lori la saruji, yule mnene anayepita kwenu kila wiki mbili. Nilikitoa kwenye turbo ya gari lililopinduka, utando wake nimeujaribu kwa ulimi wangu mwenyewe. Ni aina ileile, ila urefu wa kifimbo unarekebishwa kwa nati, na huu ulirekebishwa kwa gari jingine, si lako.

Sikiliza vizuri hapa. Kabla hujang’oa cha zamani, kipime: kuanzia ukingo wa kikopo mpaka katikati ya tundu la kifimbo. Andika. Kisha zungusha nati ya hiki nilichokuletea mpaka kilingane nacho. Sisemi karibu sawa. Nasema sawasawa. Kifimbo kikiwa kirefu, kitavutwa lakini hakitafika, na turbo itabaki inasinzia.

Bolti zitakuwa na kutu. Zimwagie mafuta ya kulegeza, ziache mpaka kesho yake, ndipo ulete spana. Ukizilazimisha zitakatika, na mimi sitaki kusoma barua yenye matusi.

Mambo ya simu tuyaache. Gauni la kijani nalijua. Mwambie halina nondo.

Mjomba


3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Bolti tatu, zote zimetoka nzima! Ya tatu ilinichubua vidole viwili na nikaiimbia matusi, ila hapa siyaandiki. Nilipima mara tatu, nikaandika kwenye daftari, nikakirekebisha kikopo chako mpaka sentimita kumi na mbili kamili, nikakifunga. Kuingiza kifimbo kwenye mkono wa turbo ilibidi nisukume kidogo, nikadhani ni ugeni. Nikawasha. Kifimbo kikaruka! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Kisha nikakipanda kile kilima cha tangi la maji. Mjomba, nilipitwa na mtu anayesukuma mkokoteni. Alikuwa amebeba matofali. Alinipa pole.

Niliporudi nilikaa garini nusu saa bila kushuka. Mama alikuja kwa kupapasa ukuta, akaingia akakaa kwenye kochi lake, akasema, “Usijichoshe, mwanangu. Huko hatutakiwi.” Nililia, na sioni haya kukuambia. Mwezi mmoja umeshakwenda. Juzi amegonga fremu ya mlango wa chumba alichozaliwa.

Sasa nimepata wazo. Watu wote wanasema wewe ulikuwa unatibu magari kwa sikio, huhitaji hata kufungua boneti. Nimerekodi mlio wa injini kwenye simu ya yule dereva wa saruji. Atakuja akuwekee, usikilize, unipe jibu.

Sindano


9 Aprili

Sindano,

Dereva amefika, nimesikiliza. Ni kama nilivyotegemea. Turbo inalia kichovu, ina filimbi nyembamba katikati, hewa haijai. Mlio wa namna hiyo naujua tangu hujazaliwa.

Lakini rekodi haikuwa na haja, barua yako imejieleza. Sentimita kumi na mbili? Kikopo cha aina hiyo hakijapata kuwa na kifimbo cha kumi na mbili tangu waanze kuvitengeneza. Magari hutofautiana kwa milimita chache tu, kipimo ni kumi na moja. Ulipima kwa nini, kwa macho ya dada yangu? Samahani, nimekosea kusema hivyo, lakini kalamu haina mpira wa kufutia. Pima tena.

Mjomba


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nina mambo mawili, la kwangu na la kwako. Naanza na langu kwa sababu la kwako ni zito.

Kikopo cha zamani nilikuwa bado ninacho. Nimekipima tena: kumi na moja kamili. Nikaenda kwenye daftari: kumi na mbili, kwa mwandiko wangu. Nilikaa nikakodoa macho mpaka nikaelewa. Mjomba, niliongeza pindo! Miaka kumi na sita nashona sare za shule. Kila kipimo cha mtoto nakiandika na sentimita moja zaidi, maana mtoto hurefuka kabla muhula haujaisha na mzazi hataki kununua suruali mbili. Macho yalisoma kumi na moja, mkono ukaandika kumi na mbili bila kuniomba ruhusa. Mazoea yana taabu. Cheka, ninakuruhusu.

Sasa la kwako. Dereva wa saruji amepita tena jana. Alikuja anainamisha kichwa kama mwizi. Anasema alibonyeza vibaya. Badala ya injini yangu, simu iliweka tangazo la redio alilokuwa amelihifadhi, la magodoro. “Lala vizuri, amka vizuri,” pamoja na kinanda. Anasema uliweka simu sikioni, ukafumba macho, ukatikisa kichwa, ukamwambia, “Ndiyo. Hiyo ni turbo. Imechoka.” Akaogopa kukusahihisha kwa heshima yako.

Mjomba, uligundua filimbi nyembamba kwenye godoro.

Mwanzoni nilicheka hadi nikashika meza. Halafu nikaacha kucheka. Nikakumbuka halo halo halo. Nikakumbuka “usipige simu, andika.” Tangu lini husikii?

Sijamwambia Mama. Nakupa nafasi ya kusema mwenyewe.

Sindano


21 Aprili

Mpwa wangu,

Godoro. Nimeumbuka kweli.

Ni kama ulivyofikiri. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata mwaka juzi. Miaka thelathini na nane nimeweka kichwa kwenye injini zinazonguruma, nikiwacheka vijana waliovaa pamba masikioni. Watu wakileta magari walikuwa hawasemi “tengeneza,” walisema, “Mzee, hebu sikiliza.” Nikifunga macho nawaambia bolti ipi imelegea. Siku moja nililipitisha lori la watu nikasema liko salama, kumbe injini yake inagonga mpaka wapita njia wanageuka. Mwenye lori alinitazama tu kwa huruma. Kesho yake nikafunga gereji, nikamwambia kila mtu nimechoka. Sikuwa nimechoka. Fundi asiyesikia ni nani?

Simu ikitetemeka mfukoni naona jina la dada yangu. Napokea kwa furaha, naambulia mvumo, vuuu, kama upepo kwenye chupa. Ningesema “rudia, rudia,” angejua. Basi nilikuwa nakata. Nilimkatia mtu ambaye sauti yake naitamani kuliko zote, na yeye akadhani simtaki. Hilo linaniuma, Sindano. Linaniuma kuliko masikio. Mwambie. Mwambie yote, na la godoro usilifiche, atalipenda.

Kuhusu gari: legeza nati, rudisha kumi na moja, kaza. Gari la miaka ishirini na mbili limeshamaliza kukua, haliongezewi pindo! Halafu panda kilima cha tangi. Usiniambie linaliaje. Niambie tu ni gia ya ngapi.

Mjomba


28 Aprili

Mdogo wangu,

Nasema mimi, anaandika binti. Nimemwamuru aandike kila neno wala asipunguze ukali.

Kwanza kabisa, wewe ni mjinga.

(Mjomba, nilimsihi tuanze na salamu. Amekataa. S.)

Unanificha masikio mimi? Mimi niliyekufuta kamasi, niliyekubeba mgongoni ulipokanyaga chupa, ukaniloanisha blauzi kwa machozi? Mwaka mzima nimenuna. Kununa ni kazi, usione. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kukuambia tukikutana, maneno makali ya kupendeza, nimeyapanga usiku na mchana, na sasa yote yamekuwa bure kwa sababu ya godoro. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nimelia, kwa kuwa nilikufikiria umekaa peke yako na simu inatetemeka.

Mimi nami mwongo. Kila mgeni namwambia naona vizuri, kisha namimina chai mezani. Tumelelewa na mama mmoja, tutafanyaje?

Nakuja. Usipike sana, usinikumbatie kwa nguvu, na usinipokee na uso wa huzuni, maana sijatoka huku kote kuja kuangalia uso wa huzuni.

Dada yako

Mjomba, hapa ni mimi sasa. Nimerudisha kumi na moja. Kifimbo kikaingia chenyewe, bila kusukumwa. Mama akasema lazima naye aende kwenye majaribio, tukapanda kilima cha tangi la maji, yeye kwenye kochi lake na mkoba magotini. Chini nilianza na gia ya tatu. Nikasubiri ule uchovu wa siku zote, haukuja. Gari likavuta! Lilipanda na tatu yake mpaka juu, moshi hakuna, na tulimpita yule wa mkokoteni tukampa pole. Mama alipiga makofi kama yuko uwanjani.

Tunakuja Jumamosi ya wiki ya pili ya Mei.

Sindano


5 Mei

Sindano,

Tatu! Mpaka juu!

Nimefagia nyumba mara mbili. Nimepaka rangi mlango, ukauke kabla hamjafika. Nimeng’oa kile kizingiti cha jikoni ili asijikwae. Njooni salama. Mtelemkoni shika gia, usiegemee breki.

Mjomba


17 Mei

Mwanangu,

Naandika mwenyewe kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama za duka, ndiyo maana utaona karatasi nyingi. Usije kunichukua Jumamosi. Njoo wiki ijayo, au ile nyingine.

Bado nina hasira kidogo na mapokezi. Wewe uliona mwenyewe. Tumepanda mlima wote ule, umepiga honi kila kona kama gari la harusi, mimi nimeshuka na gauni la kijani, nimefungua mikono, na yeye ananipita anakwenda kwenye gari kwanza! Anaweka viganja viwili juu ya boneti, anafumba macho, anasema, “Linapumua.” Nilitaka kumpiga na mkoba. Baadaye alikuja, na pale nilipokuambia ukaegeshe gari kivulini, halikuwa jua. Sikutaka utuone.

Tunaishi vizuri. Mimi nikitaka kusema naandika kwa kalamu hii kwenye mifuko ya saruji, yeye anasoma na kunijibu kwa sauti ya mnadani mpaka bata wanajibu. Jana tumebishana kuhusu nani alivunja taa ya baba mwaka ule. Mfuko mzima umekwisha, nikamaliza hoja yangu ukutani. Ameukasirikia ukuta, lakini hajaufuta.

Leo asubuhi alikaa mlangoni kuchambua maharage, nami nikakaa mbele yake. Amezeeka vibaya, mwanangu. Ana pua ya baba, na kovu la nyusi ambalo nilikuwa nimelisahau. Meno mawili hana. Nilimtazama muda mrefu, nikisogeza kichwa taratibu ili kila upande uingie kwenye tundu langu, paji, shavu, kidevu, nikirudi juu naanza upya. Akaona haya. Akasema, “Dada, unanitazama nini hivyo?”

Nikachukua kalamu nikamwandikia: NAKUWEKA AKIBA.

Alisoma. Kisha akaweka maharage chini, akavua kofia, akageuza kiti kikaelekea kwenye mwanga, akakaa vizuri.

Mama yako